Kutoka kipupwe cha Tukuyu hadi joto la Aswan: chumba cha meli na kiyoyozi chake

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tukuyu. Mdogo wangu anayefanya kazi nje ya nchi anataka kutulipia, mimi na mama yetu, safari ya usiku minne kwa meli ya watalii katika Mto Nile, kutoka Luxor hadi Aswan, wakati wa likizo ya Juni. Mama ana miaka 69, anatumia dawa za presha, na maisha yake yote ameishi Rungwe. Mwaka juzi tulilala Dar es Salaam katika chumba chenye kiyoyozi, akaamka shingo imekakamaa na koo linamkereketa, na tangu siku hiyo anasema hataki tena kulala ndani ya friji. Nasikia Aswan mwezi Juni ni moto mkali. Je, tuchague chumba gani, kiyoyozi tukiweke nyuzi ngapi, na tubebe nini ili mama asiungue wala asigande?

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na mama mpe salamu zangu. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa mitambo ya kupoza hewa, ikiwemo ya meli za abiria za mtoni, na ninakuambia mapema kwamba mama yako anaweza kusafiri na kulala vizuri, ilimradi mambo machache yaamuliwe kabla ya kulipa na mengine yafanyike chumbani siku ya kwanza, kabla hamjafungua hata masanduku.

Tuanze na usiku ule wa Dar es Salaam, kwa sababu ndio uliomtia mama hofu. Mwezi Juni na Julai mama yako hulala Tukuyu katika chumba ambacho hewa yake alfajiri inaweza kushuka hadi nyuzi joto 14 au 15, na huamka mzima akaenda kuwasha moto jikoni. Kiyoyozi cha ile hoteli huenda kiliwekwa nyuzi 18 au 20, maana yake ni kwamba chumba kile kilikuwa na joto kuliko chumba chake cha nyumbani, na bado aliamka anaumwa. Nyumbani hewa ya chumbani imetulia, mama amejifunika blanketi zito, na alipoingia kitandani ngozi yake ilikuwa kavu. Hotelini aliingia akitoka kwenye joto la Pwani lenye unyevu, nguo zikiwa zimeloa jasho, akajifunika shuka jembamba, na tundu la kiyoyozi likampulizia shingo na bega usiku kucha. Jasho linapokaushwa na upepo huondoka na joto la ngozi, na misuli ya mahali pale panapopulizwa hujikaza. Kilichomuumiza mama ni mkondo wa hewa uliompiga mahali pamoja kwa saa nyingi, na mkondo huo unaweza kuondolewa bila kuzima kiyoyozi.

Povl Ole Fanger, mhandisi wa Denmark, alionyesha katika kazi yake ya mwaka 1970 kwamba raha ya mwili ndani ya jengo hutokana na mambo sita yanayokwenda pamoja: joto la hewa, joto la kuta na vioo vinavyomzunguka mtu, mwendo wa hewa, unyevu, nguo alizovaa, na kazi ambayo mwili wake unaifanya wakati huo. Viwango vya kimataifa vya wahandisi wa majengo na meli vimejengwa juu ya msingi huo hadi leo. Kidhibiti cha kiyoyozi kilichoko ukutani, kile cha kuchagulia nyuzi, kinagusa jambo moja, au mawili ukihesabu kasi ya feni. Yaliyobaki yote yanategemea pazia, nguo, mahali pa kitanda na saa mnayoingia na kutoka, na kwa mtu wa umri wa mama hayo ndiyo yenye nguvu zaidi.

Sasa nikueleze mtambo wenyewe, maana ukiuelewa hutahangaika nao. Katika meli nyingi kubwa za mtoni chumba hakina kiyoyozi kamili cha peke yake kama vile mnavyoona vimetundikwa kwenye kuta za maduka Mbeya mjini. Chini, karibu na chumba cha injini, kuna mtambo mkubwa unaopoza maji hadi nyuzi 7 hivi, na pampu huyasukuma maji hayo kupitia mabomba yaliyofunikwa hadi kwenye kila chumba. Juu ya dari, mara nyingi karibu na mlango au juu ya bafu, kuna koili, yaani bomba lililokunjwakunjwa, na feni. Feni huvuta hewa ileile ya chumbani, huipitisha kwenye koili yenye maji baridi, kisha huirudisha chumbani kupitia tundu refu lenye vibao vya kuelekeza hewa. Maji yakishabeba joto la chumba hurudi chini yakiwa na nyuzi 12 hivi, yanapozwa tena, na joto lililokusanywa kutoka meli nzima hutupwa mtoni.

Kutokana na hayo, kuweka kidhibiti nyuzi 16 hakupozi chumba haraka kuliko kukiweka nyuzi 24. Maji yanayopita kwenye koili ni yaleyale. Kinachobadilika ni mahali ambapo mtambo utasimama. Abiria akiingia kutoka juani na kukizungusha kidhibiti hadi mwisho, chumba kitapita nyuzi 24 kwa mwendo uleule, kisha kitaendelea kushuka wakati yeye amekwisha kulala, na saa nane usiku ataamka anatetemeka. Mtambo huo pia ni wa meli nzima. Jioni abiria wote wanaporudi pamoja kutoka matembezini, wakafungua milango na kuoga kwa maji ya moto, kila koili inadai maji baridi kwa wakati mmoja, na chumba kilichoachwa kiive kwa jua tangu mchana ndicho kitakachochelewa kupoa. Mtashuhudia pia hewa ikikatika kwa dakika chache mafundi wanapobadilisha jenereta au wanapochukua umeme wa gatini. Hali hiyo isiwatie wasiwasi, na wala msiguse kidhibiti, kwa kuwa hewa itarudi yenyewe.

Mkifika chumbani, kabla ya jambo lolote, chukua kipande kirefu cha karatasi laini ya chooni, upana wa vidole viwili. Zungusha feni kwenye kasi ya kwanza, panda juu ya kitanda, ukishike kipande hicho karibu na tundu la hewa uone kinapeperukia wapi. Kisha shuka nacho taratibu kuelekea kwenye mto wa kulalia wa mama. Kikiwa kinaning'inia kimetulia, mahali hapo ni salama. Kikiyumba kwa namna unavyoweza kuiona, basi mkondo unafika kichwani, na una njia tatu za kuukwepa: geuza vibao ili hewa ipite sambamba na dari, au shusha kasi ya feni, au mwombe mhudumu wa chumba atandike kitanda upya, kichwa kikae upande uliokuwa wa miguu. Ombi hilo la mwisho si la ajabu na hakuna atakayeona mnasumbua. Viwango nilivyovitaja vinataka hewa inayomfikia mtu aliyetulia isizidi mwendo wa sentimita 20 kwa sekunde au hata chini ya hapo, na karatasi laini itakuonyesha tofauti hiyo pasipo kifaa cha maabara. Wewe mwenyewe chukua kitanda kilicho karibu na tundu, mama alale kile cha mbali.

Wakati uko pale juu, paka maji kidogo kwenye karatasi nyingine ufute vibao vya tundu. Vumbi jepesi la kijivu ni la kawaida katika nchi ya jangwa. Ukiona weusi unaonata, au ukisikia harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa bado mbichi, chujio na koili havijasafishwa kwa muda, na kukereketa kwa koo la mama kunaweza kutoka hapo zaidi ya kutoka kwenye ubaridi. Nenda mapokezi mara hiyohiyo, omba fundi asafishe chujio wakati mko kwenye chakula. Ni kazi fupi. Msikubali kupewa dawa ya kunukiza chumba badala yake, kwa sababu inaongeza kikohozi.

Kuhusu nyuzi, ushauri wangu kwa mama ni 25 au 26 mchana akiwa amepumzika, na 24 au 25 usiku akiwa na nguo ndefu ya kulalia, soksi nyepesi na blanketi. Wengi hushangaa nikitaja 26, wakidhani ni joto kali, lakini mtu anayetoka kwenye nyuzi 41 akaingia penye 26, hewa kavu na pazia limefungwa, hupata nafuu kamili bila mwili kushtuka. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba ndani ya nyumba joto lisishuke chini ya nyuzi 18 kwa ajili ya kulinda afya, na wazee huhitaji zaidi ya hapo, kwa kuwa mwili wa mzee haupandishi joto upesi wala haumwambii mapema kwamba umepoa. Mama akisema anasikia baridi, mwamini hata kama wewe unaona joto. Omba blanketi la ziada siku ya kwanza, msisubiri usiku wa manane.

Jambo ambalo abiria wengi hulisahau ni jua kwenye kioo. Meli za Nile hujivunia madirisha makubwa, mengine yakianzia karibu na sakafu, na kioo kilichopigwa na jua la alasiri huwa chanzo cha joto chenyewe. Mwili hausikii hewa peke yake, husikia pia mnururisho, yaani joto linalotoka kwenye kila kitu kinachouzunguka, na katika hewa iliyotulia hisia yetu hukaribia wastani wa hayo mawili. Hewa ikiwa nyuzi 24 na wastani wa joto la kuta na vioo ukiwa 32, mtu hujisikia kama yuko kwenye 28, kisha hukimbilia kushusha kidhibiti, na usiku kioo kinapopoa hujikuta amegandishwa. Dawa yake ni pazia zito, lile la nyuma ya pazia jembamba, na lifungwe kabla jua halijafika dirishani. Ukilifunga baada ya kioo na zulia kushika joto, umefungia joto ndani pamoja na mama.

Hapo ndipo uchaguzi wa chumba unapoingia. Nile hutiririka kuelekea kaskazini, kwa hiyo meli ya Luxor kwenda Aswan inapanda mto kwenda kusini, na abiria anayetazama mbele ana mashariki upande wake wa kushoto na magharibi upande wa kulia. Matembezi ya kwenda kuona mahekalu ya kale ya Karnak na makaburi ya Bonde la Wafalme huanza alfajiri ili kukimbia joto, hivyo jua la asubuhi litapiga vyumba vya kushoto wakati nyinyi hampo, na mkiwa mmefunga pazia kabla ya kutoka halitawadhuru. Alasiri, mama anapohitaji kulala, upande huo una kivuli. Chagueni kushoto. Kwa safari inayotoka Aswan kurudi Luxor ushauri huu unageuka, mtachukua kulia.

Kwa habari ya ghorofa, epukeni ile iliyo moja kwa moja chini ya sitaha ya juu, hata kama wakala anaisifu na kuitoza bei kubwa. Aswan iko karibu kabisa na Tropiki ya Kansa, na mwezi Juni jua la adhuhuri linasimama karibu utosini, kwa hiyo linalopigwa zaidi wakati huo ni paa. Sitaha hunyonya joto mchana kutwa na kulishusha taratibu kwenye dari ya chumba hadi usiku. Vyumba vya chini kabisa hupoa vizuri kwa sababu ubavu wa meli umegusana na maji, lakini madirisha yake ni madogo na hayafunguki, na vile vilivyo karibu na tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, hupata mtetemo na joto la injini. Ghorofa ya kati, katikati ya urefu wa meli, ndipo ningempeleka mama yangu. Ulizeni pia kama kuna lifti, maana meli nyingi hazina, na kupanda ngazi katika joto ni kazi inayouongezea mwili moto.

Kuna jambo la gatini ambalo huwezi kuliona kwenye picha za matangazo. Luxor na Aswan meli ni nyingi na gati hazitoshi, kwa hiyo meli hufungwa ubavu kwa ubavu, nne, tano au zaidi, na abiria huvuka kupitia kumbi za meli nyingine hadi nchi kavu. Dirisha lenu linaweza kuwa limetazamana na dirisha la jirani umbali wa kushikana mikono. Kwa upande wa joto hiyo ni nafuu, maana jirani anawapa kivuli. Kwa upande wa hewa ni hatari, kwa sababu jenereta za meli zote zinanguruma na moshi wake unabaki kati ya mbavu. Wakati huo dirisha lisifunguliwe kabisa, hata kama mama amechoshwa na kiyoyozi. Alifungue wakati meli inasafiri, na hasa karibu na mapambazuko, ambapo hewa ya nje mwezi Juni hushuka hadi nyuzi 23 au 25 na kufanana na ya chumbani. Hiyo ndiyo saa ya mama. Saa za Misri wakati wa kiangazi chao, tangu mwaka 2023, zinalingana na za Tanzania, kwa hiyo saa kumi na mbili kasoro za asubuhi, alizozoea kuamka Tukuyu, ndizo atakazokaa sitahani na kitenge chake mabegani kutazama mashamba ya miwa na mitende yakipita.

Usidhani kwamba sitaha itakuwa na upepo mchana kwa sababu meli inakwenda. Upepo wa bonde la Nile kwa kawaida huvuma kutoka kaskazini, na ndiyo maana tangu kale mashua za tanga zimeweza kupanda mto kwenda kusini. Meli inayokwenda upande uleule na upepo hujikuta ndani ya hewa iliyosimama, na alasiri sitaha inayoelekea Aswan inaweza kuwa na joto lisilotikisika, vyuma vya kushikia vikiwa havigusiki. Mtakapofika kwenye lango la maji la Esna, ambako meli husubiri zamu ya kupandishwa, wachuuzi huja na mashua ndogo na kurusha nguo na vitambaa hadi sitaha ya juu, wakipatana bei kwa kelele kutoka majini. Mama atapenda kuona, na sioni sababu ya kumnyima. Mkalishe chini ya turubai, awe na kofia au mtandio na chupa ya maji, na asikae muda mrefu.

Joto la huko usilifananishe na la Kyela. Mtu wa Tukuyu akishuka Kyela hukutana na joto lenye unyevu wa Ziwa Nyasa, jasho linamtiririka na yeye mwenyewe anajua kwamba anapoteza maji. Aswan mwezi Juni wastani wa joto la mchana ni nyuzi 41 hivi, na unyevu wa hewa mchana mara nyingi uko chini ya asilimia 20, kwa hiyo jasho hukauka kabla halijaonekana, ngozi inabaki kavu, na mtu husema hajatoka jasho wakati mwili umekwisha kupoteza maji mengi. Kiu ya mzee nayo huja kwa kuchelewa. Mama anywe kwa saa, si kwa kiu: glasi kabla ya kutoka, mafunda machache kila baada ya muda mfupi njiani, glasi akirudi. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, maji anayokunywa hayatoshi.

Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto, na safari yenu itakuwa imekwisha kabla ya hapo. Mama atakuwa mgeni wa joto siku zote nne, na ametoka katika miezi ya baridi kuliko yote ya Rungwe. Kwa hiyo msichukue kila tembezi lililoandikwa kwenye ratiba. Chagueni la asubuhi moja kwa siku, na lile la alasiri aliache bila kuona kwamba amepoteza fedha.

Kuhusu dawa za presha ninasema kwa uangalifu, kwa kuwa mimi ni mtu wa mitambo. Baadhi ya dawa hizo hufanya kazi kwa kuongeza mkojo, nyingine hupunguza mapigo ya moyo au hutanua mishipa, na katika joto kali zinaweza kumshusha mtu presha akapata kizunguzungu anaposimama. Mpelekeni kwa daktari anayemjua wiki kadhaa kabla ya safari, mtaje nchi na mwezi, na afuate atakayoambiwa. Asipunguze wala asiache dawa kwa uamuzi wake. Vidonge vibaki chumbani penye ubaridi, visiachwe kwenye mkoba ndani ya basi lililoegeshwa juani. Mtakaribishwa melini na kinywaji chekundu kiitwacho karkade, kinachotokana na maua ya choya tunayoyajua hata sisi. Ni kizuri, lakini kinaweza kushusha presha kidogo, kwa hiyo glasi ya makaribisho inatosha mpaka daktari aseme vingine. Na ikitokea mama anachanganyikiwa maneno, anaumwa kichwa sana, anatapika, au ngozi inawaka huku amelegea, msingojee: mhamishieni penye ubaridi, mlowesheni nguo na ngozi kwa maji, mpepeeni, na daktari aitwe wakati huohuo.

Kipindi cha hatari ya shingo ni kile cha kuingia ndani kutoka nje. Ukumbi wa mapokezi kwa kawaida ndio mahali baridi kuliko pote melini, na basi la matembezi hulifuatia, kwa kuwa yote mawili hupozwa kwa ajili ya kumfurahisha anayeingia kutoka juani. Mama akiingia asikae kwenye kochi lililo chini ya tundu la hewa. Ajifute jasho shingoni na mgongoni, ajitande kitenge au avae sweta jepesi, aende chumbani abadilishe blauzi, na ndipo apumzike. Mbeba sweta awe wewe, kwa sababu yeye atakataa kulibeba akiona jua. Kwenye chumba cha chakula pia ombeni meza iliyo mbali na matundu, mkae hapohapo siku zote.

Mkitoka chumbani msizime kiyoyozi kabisa. Kiacheni nyuzi 27, feni ya kwanza, pazia zito limefungwa. Meli nyingi zina kadi ya mlango inayokata umeme ikichomolewa, hivyo ulizeni mapokezi kama mnaweza kupewa kadi ya pili ibaki mahali pake. Koo la mama likikauka usiku, tundikeni taulo lililoloweshwa na kukamuliwa kwenye kiti, mbali na kitanda. Katika hewa kavu kama ile litakauka kabla ya asubuhi, na maji yote yatakuwa yameingia katika hewa ya chumba.

Vya kubeba ni vichache: vitenge viwili vya pamba nzito, sweta jepesi, soksi, nguo ndefu za kulalia, kandambili za kukanyagia sitaha inayowaka, paketi za ORS, na kipimajoto kidogo cha chumbani, kwa sababu namba ya ukutani mara nyingi hupimwa karibu na mlango na si penye kitanda. Soketi za Misri ni za matundu mawili ya duara, tofauti na zetu za pini tatu, basi nunueni adapta kabla ya kuondoka. Feni ndogo ya mkononi inafaa sitahani jioni, lakini hewa ikizidi nyuzi 40 feni haimpozi mtu tena, inamsukumia joto, na Shirika la Afya Duniani linatahadharisha juu ya hilo.

Kabla ya malipo, mdogo wako amwandikie wakala na apate majibu kwa maandishi: je, chumba kina kidhibiti chake cha nyuzi na cha kasi ya feni, kiyoyozi hufanya kazi usiku kucha hata meli ikiwa gatini, chumba kiko ghorofa ya ngapi na upande gani, na kama kikisumbua tutahamishwa? Wakala anayejibu la kwanza na la mwisho kwa kuzungukazunguka atafutiwe mwenzake.

Nina ombi moja zaidi, na ninalisema kwa sababu ninamjali mama huyu ambaye sijamwona. Juni ni bei nafuu kwa sababu ya joto hilohilo. Nanyi mna likizo ya Desemba, ambapo Luxor na Aswan mchana hukaa kwenye nyuzi 23 hadi 25, hali ambayo mtu wa Rungwe anaijua, na usiku Luxor hushuka chini ya 10. Chumba kikiwa cha baridi wakati huo, huenda mtambo wa meli una bomba moja linalopeleka ama maji baridi ama ya moto kwa meli nzima, na hauwezi kumpa abiria mmoja joto wakati wengine wanapozwa, kwa hiyo swali la wakala litakuwa moja: wakati wa baridi mabomba yenu hupeleka maji ya moto vyumbani, na kama sivyo, kila kitanda kinapewa mablanketi mangapi? Bei ya Desemba itakuwa juu. Mwombe mdogo wako aiulize kabla hajalipa ya Juni, kisha mama mwenyewe aelezwe miezi yote miwili na achague.